UZI: Saluni ya dredi inajaa kila Jumamosi lakini hela haionekani. Nilikaa nayo wiki nne na daftari, haya ndo niliyokuta

Daftari la Kijani

Wadau habari za humu. Uzi huu ni mrefu, kama una haraka pita tu, utarudi baadae.

Mdogo wangu ana saluni ya dredi. Dredi tupu, hasuki, hapaki kucha, hanyooshi nywele. Viti vitatu, mafundi wawili pamoja na yeye mwenyewe. Mwezi fulani akanipigia anasema kaka nataka kukopa nifungue tawi la pili, Jumamosi watu wanajaa mpaka wengine wanasimama mlangoni wanaondoka. Nikamuuliza swali moja tu, mwezi uliopita ulibakiwa na shilingi ngapi? Akanyamaza. Af akasema "lakini kazi zipo."

Mimi kazi yangu ni hesabu, nywele sijui lolote, nna kipara. Nikamwambia usikope kwanza, nipe wiki nne nije nikae pembeni na daftari. Mafundi wa kwanza kunicheka ni wale wawili.

Nilichora mistari tu, mteja kaingia saa ngapi, kakaa kwenye kiti saa ngapi, kainuka saa ngapi, kafanyiwa nini, kalipa ngapi, na bidhaa iliyotumika. Basi. Ukicheki ni kitu cha kijinga kabisa ila hicho ndo kilifungua macho, maana kumbe mwenye saluni anajua bei ya kila kazi lakini hajui kila kazi inakula masaa mangapi ya kiti. Na saluni inauza masaa wadau. Jeli ikibaki leo unaiuza kesho, lakini saa nne ya Jumanne ambayo kiti kilikuwa kitupu haiuziki tena milele.

Sitataja hela ya nchi maana humu tumetoka kila kona, chukulia ritachi moja (ile kusokota mizizi iliyoota) ni 10, na vingine vyote pima kwa hiyo 10.

Ritachi inalipwa 10, bidhaa inakula 1, kiti kinatumika saa moja na nusu. Inabaki 9, ukigawa ni 6 kwa saa. Kuanzisha dredi kwa sindano ya kroshia analipa 35, bidhaa 2, masaa saba. Hiyo ni 4.7 kwa saa. Rangi analipa 20 lakini dawa na vikorokoro vyake ni 7, masaa matatu, inakuja 4.3. Sasa njoo kwenye repea, zile dredi zilizokonda katikati au zimekatika zinaungwa upya: 12 kwa masaa manne. TATU KWA SAA. Nusu ya ritachi. Na repea ndo kazi inayomchosha fundi kuliko zote, na zilikuwa zinapangwa Jumamosi! Yaani mtu wa ritachi anarudishwa mlangoni kwa sababu kiti kimekaliwa na repea ya bei ya urafiki.

Nilivyomuonyesha hayo mahesabu alikaa kimya kama dakika mbili hivi, af akasema "hiyo bei ya repea niliweka siku ya kwanza nafungua sijawahi kuigusa."

Kingine cha Jumamosi, draya. Mteja akimaliza kusokotwa lazima akauke vizuri, dredi ikibaki na maji ndani inaanza kunuka na inaweza kuota ukungu, hiyo hakuna mjadala. Lakini alikuwa anakaushwa palepale kwenye kiti cha kazi, dakika 45 mpaka saa nzima fundi amesimama anachezea simu. Tulichukua kiti cha plastiki tukakiweka kona ile yenye soketi, draya ikahamia hapo. Gharama yake ni waya wa eksteni tu.

Sasa hesabu kubwa. Viti vitatu mara masaa tisa (saa tatu asubuhi mpaka kumi na mbili jioni) mara siku 26, ni masaa 702 kwa mwezi. Yaliyouzwa kweli ni 310. Asilimia 44. Huyo ndo mtu anataka tawi la pili, wakati zaidi ya nusu ya tawi la kwanza limelala. Jumamosi inamdanganya, Jumatatu mpaka Jumatano pale ndani unasikia saa ya ukutani.

Wastani wa kila saa iliyouzwa ukishatoa bidhaa ni 4.5. Kamisheni ya fundi asilimia 40, inabaki 2.7. Mara 310 ni 837. Toa kodi ya fremu, umeme, maji, leseni, usafi, bando, jumla yake 700. Inabaki 137. Af toa mshahara wake yeye mwenye saluni ambao hajawahi kujilipa, anachomoa tu kwenye droo akihitaji nauli, nikauweka 200. Hapo tunapata hasara ya 63 kila mwezi.

Nikamwambia unataka kukopa ili upate hasara sehemu mbili.

Naendelea chini, ngojeni nipate chai.

Kitana Kipana

Nimeweka kiti mbele kabisa. Hiyo ya draya kwenye kiti cha kazi imenichoma maana ndo sisi kabisaaa 😂

Ngojea Kidogo

Mkuu mimi naona tatizo ni hiyo ya kung'ang'ania dredi peke yake. Si aongeze kusuka, kucha, kope, kidogo kidogo hizo siku za katikati ya wiki zitajaa? Biashara ni kupanua wigo.

Daftari la Kijani

@Ngojea Kidogo hilo wazo alikuwa nalo na yeye, tulibishana sana. Ukiongeza kucha unaongeza taa, meza, rangi za kila namna ambazo nusu yake zitakauka kwenye chupa, na fundi mwingine ambaye naye atakaa bure Jumanne. Kilichofanya watu watoke mbali kumfata ni kwamba pale ni dredi tu, mtu anajua hatoharibiwa. Ukiwa saluni ya kila kitu unashindana na kila saluni ya mtaani, ukiwa wa kitu kimoja unashindana na wachache na unaweza kupandisha bei bila kuomba msamaha.

Af dredi ina kitu ambacho kazi nyingi za nywele hazina. Mtu akianzishiwa leo umempata mteja wa miaka. Nywele inakua kama sentimita moja hivi kwa mwezi, kwahiyo wiki ya nne mpaka ya sita mizizi imefumka na anahitaji mtu. Hata akija kila baada ya wiki sita ni kama mara nane kwa mwaka. Ndo maana ile ya kuanzisha hatukuigusa bei japo inaleta 4.7 kwa saa, ile ni mbegu. Ukiangalia namba moja moja bila kujua inazaa nini utakata mti unaokulisha.

Angalizo, msije mkasema basi tuwaite kila wiki mbili tupige hela. Kusokota mara kwa mara na kwa kukaza kunavuta mizizi, nywele za pembeni zinaanza kukatika na baadae hazioti tena. Mteja mwenye upara wa pembeni ni tangazo linalotembea, ila la kukuharibia.

Karani Mstaafu

Kijana umeandika vizuri lakini hesabu yako ina kosa, na ni kosa kubwa. Umekata kamisheni ya asilimia 40 kwenye masaa yote 310. Mafundi wa kulipwa kamisheni ni wawili, kiti cha tatu ni cha mwenyewe. Kisha ukaja kumtolea tena mshahara wa 200. Mtu mmoja umemlipa mara mbili. Masaa yake yeye ni mangapi kati ya hayo 310?

Daftari la Kijani

Duh. Mzee wangu shikamoo. Umenishika pabaya.

Nimerudi kwenye daftari. Masaa yake yeye ni 110, mafundi wawili kwa pamoja 200. Kwahiyo ile kamisheni niliyoikata kwenye masaa yake ni 198, yaani karibu sawasawa na ule mshahara niliomuwekea. Nilipaswa kutoa kimoja tu. Hasara haipo, ukishamlipa yeye kama fundi saluni inabakiwa na ile 137. Wadau ile hasara ya 63 ifuteni, na mdogo wangu nimempigia simu kumuomba radhi maana nilimnyima usingizi wiki nzima 🙏

Karani Mstaafu

Marahaba. Usimwombe radhi mapema. Sasa fanya hesabu hii: aumwe mwezi mmoja.

Daftari la Kijani

Nimefanya mzee. Nimekaa nayo tangu jana.

Akiumwa mwezi mmoja masaa 110 yanaondoka. Wanabaki mafundi na masaa 200, mara 2.7 ni 540. Matumizi ni 700. Pengo la 160 na yeye mwenyewe yuko kitandani hajalipwa senti. Na huyu mtu ana miaka anasokota, kiganja cha kulia kinamuuma asubuhi mpaka anashindwa kufungua kopo la jeli, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kwahiyo hapa ndo nikaelewa mpango wote ulikuwa umekaa upande. Mimi nilikuwa nafikiria masaa yaongezeke, masaa yoyote. Kumbe yanayotakiwa kuongezeka ni ya mafundi. Gawa 700 kwa 2.7, unapata masaa 259. Mafundi wawili wakifika 259 kwa mwezi saluni inajilipia kodi na umeme hata kama yeye yuko msibani. Sasa hivi wako 200, pungufu 59. Hayo 59 ukigawa kwa siku 26 ni masaa mawili na robo kwa siku, wote wawili pamoja. Au kwa lugha yao, ritachi 40 zaidi kwa mwezi.

Ritachi 40. Nikamwandikia kwenye karatasi nikaibandika pale kwenye kioo cha stoo. Kurasa ishirini za mpango wa biashara nilizokuwa nimeanza kuandika, zenye dira na dhamira, nikazifuta.

Msusi Kimya

Mimi ni fundi, sio bosi, naomba niseme upande wetu maana hamtuulizagi. Mnasema mafundi masaa yao machache kama vile tumekaa tunataka. Mteja anaingia anasema namtaka mwenyewe. Bosi hakatai, anamwambia subiri namalizia huyu. Mimi kiti changu kitupu mita moja kutoka hapo. Mteja anasubiri saa nzima, mimi namuangalia. Mwezi ukiisha bosi analalamika mikono inauma. Sasa nitapata wapi masaa?

Kitana Kipana

@Msusi Kimya umesema ukweli mpaka nimeona aibu, mimi ndo huyo bosi.

Daftari la Kijani

@Msusi Kimya hii comment nimeisoma kwa sauti mbele ya mdogo wangu. Mafundi wake walikuwepo. Hakuna aliyeongea lakini mmoja aligeuka akaanza kupanga pini ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Tulichofanya ni vitu viwili. Kwanza bei mbili. Ritachi ya fundi inabaki 10, ya mwenye saluni 13. Sio kwamba fundi ni wa daraja la chini, ni kwamba mikono ya mwenyewe ina foleni, na foleni ina bei. Pili, mteja wake wa zamani akija anamkagua, anagawa mistari kichwani sehemu ya mbele, anasokota kama tano hivi, af anamwambia "fulani ataendelea, huyu ndo nimemfundisha mwenyewe, mwisho nakuja kuangalia." Na kweli mwisho anarudi kuangalia. Wiki ya kwanza wateja wawili walinuna, mmoja akaondoka kabisa. Wengine walikubali kirahisi kuliko tulivyodhani, nadhani watu wengi wanachotaka ni uhakika, mikono ya nani si hoja sana.

Na zile ritachi 40 za kutafuta hatukuanza na matangazo. Tulifungua simu ya saluni. Kuna watu 58 waliowahi kuja miezi sita ya nyuma na walikuwa hawajaonekana zaidi ya wiki nane. Hawajagoma, wamesahau tu, au wameona aibu kwa jinsi kichwa kilivyo. Kila mmoja tulimwandikia ujumbe wake, kwa jina, na alichofanyiwa mara ya mwisho, sio ule ujumbe wa "ndugu mteja" ambao mtu anaufuta bila kuusoma. Na siku tulizowapa ni Jumatatu mpaka Jumatano tu, hatukuwatajia Jumamosi kabisa.

La mwisho, mteja hainuki kwenye kiti bila tarehe ya kurudi. Fundi anasema wiki ya tano itakuwa tarehe fulani, nikuandikie asubuhi au jioni? Mtu anachagua. Akipata dharura atahamisha, lakini ameshakuwa na tarehe.

Mama Wawili

Kaka angalia sana hapo. Mimi nilimkabidhi fundi wangu wateja kwa moyo mmoja, nikawa namsifia kama wewe unavyosema, baada ya miezi saba akafungua ya kwake barabara ya nyuma na akaondoka nao karibu wote. Simu zao zote zilikuwa kwake. Sikumlaumu sana kwa kujitafutia lakini nililia.

Daftari la Kijani

Pole sana dada. Na hilo lipo, siwezi kukudanganya kwamba linazuilika kabisa, fundi mzuri siku moja ataondoka na ana haki.

Ila angalia, simu zilikuwa kwake. Hapo ndo penye kazi. Kwa mdogo wangu ujumbe wote unatoka namba ya saluni, na kila mteja ana kadi yake inayokaa kwenye boksi pale kaunta, imeandikwa saizi ya dredi, dredi ngapi kichwani, alianzishwa lini, mafuta gani yanamuwasha, wapi kichwani anaumia ukivuta. Mteja akija akakuta fundi mgeni anamuuliza "bado huku kisogoni panakuuma?" anatulia. Hiyo kumbukumbu ikiwa kichwani kwa fundi mmoja, huyo fundi ndo saluni.

Na kamisheni tukaifanya ipande. Asilimia 40 mpaka masaa 120 ya mwezi, kila saa inayozidi hapo anapata asilimia 45. Kidogo, lakini fundi anaanza kuhesabu masaa yake mwenyewe, nilimkuta mmoja ana kidaftari chake, wale wale walionicheka.

Ngojea Kidogo

Na ile repea mlifanyaje? Maana ukipandisha bei watu wanakimbia.

Daftari la Kijani

Ilitoka 12 ikaenda 20, inalingana na 5 kwa saa, na inafanyika Jumanne na Jumatano tu, na advansi nusu kabla. Kweli walipungua. Walikuwa wanakuja kama tisa kwa mwezi wakawa wanne. Tisa kwa 12 ni 108 kwa masaa 36, wanne kwa 20 ni 80 kwa masaa 16. Piga mwenyewe hayo masaa 20 yaliyobaki yakiingia ritachi.

Ya advansi iliwauma watu kuliko bei. Lakini mtu wa masaa saba asipotokea, siku ya fundi imekufa. Tukasema kuanzisha, repea na rangi advansi, ritachi hapana.

Kitana Kipana

Mkuu tupe mrejesho basi, miezi imepita, usitususe.

Daftari la Kijani

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa.

Mwezi wa tatu tangu tubandike ile karatasi, masaa ya mafundi yamefika 247. Bado 12. Masaa ya mwenyewe yameshuka kutoka 110 mpaka 84 na hiyo ndo namba iliyonifurahisha kuliko zote. Mkopo hajachukua. Tawi hataji tena, sasa hivi anataja fundi wa tatu na mimi namwambia subiri 259 iwe kwa miezi mitatu mfululizo, anakasirika, anakata simu, anapiga tena.

Kilichoshindikana, kuuza mafuta na jeli kaunta. Tulinunua boksi zima, nusu bado ipo, nyingine ukiangalia ule mchoro wa kopo lililofunguliwa pale nyuma imeandikwa 6M, yaani ukishafungua una miezi sita tu, na zile za kujaribishia tulizofungua zimeshaanza kuhesabu. Hilo lilikuwa wazo langu, msimlaumu yeye.

Jumanne iliyopita nilipita pale bila taarifa. Viti viwili vina watu. Yeye sikumuona, nikauliza mmiliki yuko wapi, fundi akanionyesha kwa mdomo. Alikuwa kona kwenye kile kiti cha plastiki, chini ya draya, kichwa kibichi kimesokotwa, amesinzia. Jumamosi alikuwa ameomba nafasi akakosa.